Marundo Tisa

Christine Adero alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na miezi mitano tu ya kuitwa mhadhiri, siku alipoingia duka la jumla la Hajati Twaibah mjini Mbale kununua chaki. Alikuwa akifundisha hesabu katika chuo kimoja cha ualimu huko Jinja. Mwaka huo, 2012, chuo kilimtuma Mbale kwa wiki tatu kukagua wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, naye akafikia kwa shangazi yake, mtaa wa Malukhu. Shule aliyokuwa akikagua ilikuwa imeishiwa chaki, na mwalimu mkuu wake alikuwa mtu wa kesho na kesho kutwa.

Hajati alimwelekeza nyuma, kwenye stoo. "Mwambie Nyongesa akutolee boksi mbili. Asipokusikia mguse bega. Huyo akishaanza kupanga mali hasikii mtu."

Alimkuta mwanamume mrefu, Mkenya wa Bungoma kwa lafudhi yake, amesimama mbele ya katoni za sabuni na kalamu sikioni. Katoni hazikuegemezwa ukutani kama katika stoo nyingine. Zilikuwa zimepangwa sakafuni kwa marundo. Rundo moja lilikuwa la katoni ishirini na saba: tatu kwa upana, tatu kwa urefu, tatu kwenda juu. Marundo mawili yalikuwa ya katoni nane nane. Na pembeni kulikuwa na katoni mbili, kila moja peke yake.

"Arobaini na tano," Nyongesa alisema bila kugeuka. "Marundo matano."

"Mimi nataka chaki," Adero alisema.

Nyongesa aligeuka, akamwona na karatasi za ukaguzi mkononi. "Wewe mwalimu?"

"Mwalimu wa hesabu."

"Basi ni Mungu amekuleta," alisema, akavuta kreti ya soda ili mgeni akae.

Alimweleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe mara nyingi. Rundo lazima liwe sawa pande zote, kwa hiyo lina katoni moja, au nane, au ishirini na saba, au sitini na nne, au mia moja ishirini na tano, na kuendelea. Kila mzigo ulipoingia, aliupanga kwa marundo machache iwezekanavyo. Alianza kwa mchezo tu, kupitisha saa kati ya lori moja na jingine. Kisha akaona kwamba hakuna mzigo uliowahi kudai zaidi ya marundo tisa. Katoni ishirini na tatu zilidai tisa: mawili ya nane, na katoni saba moja moja. Mia mbili thelathini na tisa nazo zilidai tisa. Namba nyingine zote, hadi elfu tatu, zilitosheka na manane au pungufu. Lori halikuwahi kuleta katoni elfu tatu. Hizo alizifanya kwenye karatasi.

Akamtolea kaunta buku, daftari nene la jalada gumu. Kurasa zilijaa namba, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Chini ya ukurasa mmoja alikuwa ameandika: *Baada ya 454 sijaona hata moja inayotaka manane.*

"Swali langu ni hili, Mwalimu. Huko mbele, kwenye namba kubwa kubwa, kuna itakayokataa hata marundo tisa? Au tisa yanatosha milele? Kuna mtu anayejua?"

Adero hakujua. Alikumbuka kutoka chuo kikuu kwamba kwa miraba, yaani namba iliyozidishwa kwa yenyewe mara moja, minne hutosha kwa namba yoyote, na jambo hilo lilithibitishwa zamani sana. Kuhusu michemraba, yaani namba kama za marundo ya Nyongesa, hakukumbuka kitu. Kusema "sijui" kungekuwa rahisi. Lakini Hajati alikuwa amesogea mlangoni kusikiliza, na nyuma yake wateja wawili, na Adero alikuwa ametumia miezi mitano katika chumba cha walimu ambamo wanaume walimuuliza kila siku kama ana hakika.

"Hakuna anayejua," alisema. "Ni swali lililo wazi."

Uso wa Nyongesa ulibadilika kama wa mtu aliyeonyeshwa shamba lisilo na mwenyewe.

"Basi nitajaribu mimi," alisema.

Miezi miwili baadaye, Jinja, Adero alikaa mbele ya kompyuta ya chuo na kulitafuta swali lile. Jibu halikumchukua hata dakika kumi. Ilikuwa imethibitishwa mwaka 1909, Ujerumani, kwamba michemraba tisa inatosha kwa namba yoyote ile. Pengo lililobaki katika uthibitisho lilizibwa miaka mitatu baadaye. Mwaka 1939 mtu mwingine alihakikisha kwamba ishirini na tatu na mia mbili thelathini na tisa ndizo pekee zinazodai tisa. Karibu mambo yote ambayo mtunza stoo wa Mbale aliyaona kwenye sabuni yalikuwa kweli, na yalikuwa na miaka mingi kuliko baba yake. Palikuwa na mstari mwingine ambao Adero aliusoma mara mbili. Kwamba baada ya 454 hakuna namba inayodai minane, hilo watu waliliamini, lakini hakuna aliyekuwa amelithibitisha bado.

Namba ya simu ya Nyongesa alikuwa nayo. Aliandika ujumbe, akaufuta. Ingebidi aanze kwa kusema, nilikudanganya. Akaona afadhali amwambie uso kwa uso.

Alirudi Mbale mwezi wa Novemba. Nyongesa alikuwa amejaza kurasa arobaini. Hajati aliwaambia wateja, mmoja mmoja, kwamba mtu wake wa stoo anashughulikia swali lililowashinda Wazungu. Nyongesa alimchukua Adero hadi nyumbani kwake Namakwekwe, vyumba viwili vya kupanga, akamjulisha kwa mkewe Brigid na kwa binti yao Sheryl, aliyekuwa na miaka minane. "Huyu ndiye mwenzangu wa kazi," alisema. Brigid alikuwa amepika kuku. Adero alikula, akasifu chakula, akarudi Jinja na neno lake kifuani.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila Jumapili saa tisa mchana, baada ya ibada na chakula, Nyongesa alipiga simu. Alimsomea hatua aliyofikia, naye Adero alifuata kwa penseli nyumbani kwake Mpumudde hadi alipopata tundu.

"Hapo umechukulia kwamba kilichobaki ni kidogo," alisema. "Hujaonyesha."

Kicheko upande wa pili. "Umenikamata tena, Mwalimu."

Ukweli ni kwamba saa hizo zilikuwa bora kuliko saa nyingine zote za wiki yake. Chuoni alifundisha sehemu na asilimia kwa watu waliotaka cheti. Kiswahili alikipata kwa baba yake, askari magereza, na katika kambi alikokulia kilikuwa lugha ya amri. Hakuwahi kufikiri kwamba angeweza kuwazia hesabu ndani yake. Hakuna mwingine Jinja aliyemuuliza jambo lililomlazimu kukaa chini na kuwaza. Alijua kwamba siku atakaposema "Baba Sheryl, hili lilikwisha zamani," simu zingekoma. Akaahirisha. Mwaka ukapita, kisha wa pili.

Mwaka 2014 Nyongesa alipiga simu siku ya kazi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mwalimu, sikia hii. Chukua marundo mawili yaliyotofautiana kwa usawa na kumi. Moja la kumi na mbili kila upande, jingine la nane. Jumla ni katoni elfu mbili mia mbili arobaini. Sasa angalia. Hizo ni elfu mara mbili, na sita mara kumi mara nne. Nne ni mraba wa mbili. Umeona? Nikiyafunga marundo jozi jozi, mambo ya michemraba yanapotea, inabaki miraba. Na wewe mwenyewe uliniambia miraba inajulikana."

Adero alikuwa na mitihani mia moja ishirini ya kusahihisha. Alimsikiliza huku mkono mwingine ukiendelea kuweka alama.

"Hiyo inakurudisha kwenye miraba tu, Baba Sheryl. Haiendi popote."

"Haiendi?"

"Haiendi. Rudi kwenye njia yako ya zamani."

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Miaka miwili baadaye Hajati Twaibah alifungua duka jingine Soroti, akamtaka Nyongesa akalisimamie. Huko angekuwa bosi, na angefanya kazi siku zote saba. Nyongesa alikataa kwa ajili ya Jumapili zake. Adero alikuwa Malukhu wiki hiyo, na Brigid alimfuata huko peke yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kugusa chai.

"Mwalimu, mimi sijui namba," Brigid alisema. "Mimi nauliza neno moja tu. Hii kazi ya Baba Sheryl, iko na kitu ndani? Ama ni mtu anajichosha? Wewe ukisema hakuna kitu, mimi namwambia twende Soroti, na atakubali, juu wewe umesema."

Nje watoto wa jirani walikuwa wakigombania mpira. Adero aliitazama chai ya mgeni wake ikipoa. Mlango wa kusema kweli ulikuwa umefunguliwa kabisa mbele yake, na aliyeufungua hakuwa na hasira.

"Kiko kitu, Mama Sheryl," alisema. "Mwache aendelee."

Brigid aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka. Hakuuliza tena.

Mwaka huo huo Adero alisoma kwamba lile la 454 nalo lilikuwa limethibitishwa, mbali, na mtu mwingine. Swali ambalo Nyongesa aliliandika chini ya ukurasa, na ambalo siku ile stoo lilikuwa wazi kweli, sasa lilikuwa limefungwa. Alifunga kompyuta akatoka kwenda kutembea mtoni, na Jumapili simu ilipolia aliipokea kama kawaida.

Aliyemaliza mambo ni Sheryl. Alikuwa amechukua hesabu chuo kikuu, Kampala, kwa sababu ya baba yake, na mwanzoni mwa 2024, katika mwaka wake wa pili, mhadhiri mmoja aliandika ubaoni kwamba kila namba ni jumla ya michemraba isiyozidi tisa. Sheryl alimpigia baba yake akiwa bado kwenye korido, kwa furaha. Alidhani ni habari njema. Nyongesa alimuuliza mambo mawili tu: mwaka gani, na kama jambo hilo ni la siri. Sheryl alisema mwaka 1909, na kwamba si siri, liko hata kwenye simu.

Kesho yake Nyongesa alipanda basi la asubuhi kwenda Jinja. Adero alimkuta ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yake, amevaa koti la kanisani. Hakuwa na kaunta buku. Adero alielewa kabla hajaketi.

"Ulijua?" Nyongesa aliuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu miezi miwili baada ya kukutana. Siku ile dukani sikujua. Nilisema tu."

Sauti ya Nyongesa ilikuwa ya chini, ya mtu anayejaribu kuelewa hesabu ya mwingine.

"Kutanguliwa si aibu, Mwalimu. Mjerumani alinitangulia, basi, ni haki yake. Ungeniambia, ningecheka, ningekuuliza ni lipi lililobaki. Mimi sikutaka sifa. Nilitaka kujua."

"Nilitaka kukuambia. Kila nikija Mbale nilitaka."

"Na zile Jumapili? Ulikuwa unanikamata makosa kwa sababu una majibu pale?"

"Hapana. Nilifuata hatua zako tu."

"Basi nionyeshe," Nyongesa alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Huyo mtu alifanyaje? Nimeshindwa miaka kumi na miwili. Yeye alipita wapi?"

"Sijasoma," Adero alisema. "Nilisoma kwamba imethibitishwa. Uthibitisho wenyewe sijawahi kuusoma."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote hii."

Nyongesa alisimama, akarekebisha koti. "Basi hata wewe hukutaka kujua," alisema, bila ukali, akashika njia ya kurudi stendi. Adero alimfuata hadi getini akimwomba anywe hata chai. Alikataa kwa adabu.

Jumapili ile simu haikulia. Adero alikaa nayo mezani tangu saa nane, na saa kumi na moja aliiweka kwenye mkoba. Wiki ya tatu alimwandikia mwalimu wake wa zamani Kampala kumwomba uthibitisho wa michemraba tisa. Ule wa mwanzo ulikuwa wa Kijerumani, asichokijua. Alipata kitabu cha baadaye kilichoueleza. Aliusoma jioni baada ya kazi, mstari kwa mstari, na palipomshinda aliandika mifano kwa namba ndogo ndogo jinsi Nyongesa alivyofanya. Ilimchukua miezi mitano. Aliamua kuuandika wote kwa Kiswahili, kwenye kaunta buku mpya, ili aupeleke Mbale. Alitafuta maneno mahali ambapo hayakuwapo, na mara nyingi aliishia kuandika marundo.

Alipofika katikati ndipo alipoona. Kiini cha uthibitisho kilikuwa jozi. Michemraba inachukuliwa miwili miwili, mmoja upande wake umezidi namba fulani na mwenzake umepungua kwa kiasi kile kile, ili michemraba yenyewe ipotee na ibaki miraba. Jozi tatu, miraba mitatu. Kumi na mbili na nane. Ilikuwa ile ile aliyoambiwa kwa simu mwaka 2014, huku anasahihisha mitihani. Haikuwa uthibitisho mzima, kazi nyingi ilibaki baada yake. Lakini ndiyo iliyokuwa njia, na Nyongesa alikuwa amesimama juu yake kwa miguu miwili, na Adero ndiye aliyemwambia arudi.

Hakuandika zaidi siku hiyo. Alifikiria kuiruka sehemu hiyo, au kuieleza kwa namna nyingine ili Nyongesa asiitambue. Mwishowe aliiandika kama ilivyo, na kwa mfano alitumia kumi na mbili na nane.

Alikwenda Mbale Jumamosi moja ya Oktoba. Stoo alikuta kijana mpya. Hajati, aliyezeeka sasa, alimwambia Nyongesa amepunguza siku, mgongo unamsumbua. Huko Namakwekwe, Brigid ndiye aliyemfungulia. Alimkaribisha, akamwekea kiti, akasimama mbele yake.

"Mimi nilikuja kwako Malukhu," Brigid alisema. "Nilikuja na miguu yangu."

"Ulikuja, Mama Sheryl. Nilikukosea."

"Kule Soroti mtoto tungemsomesha bila kuomba ndugu. Baba Sheryl hangebeba katoni mpaka mgongo ukaharibika. Mimi sisemi ili nikuumize. Nasema juu huyo hawezi kusema."

Nyongesa aliingia kutoka nyuma, akamsalimia mgeni kwa mikono miwili kama alivyomsalimia daima. Brigid akaenda kuchemsha chai. Adero aliweka kaunta buku mezani, akamweleza ni nini, kisha akamweleza lile jambo la jozi. Alilisema lote, pamoja na mitihani aliyokuwa akisahihisha.

Kidole cha Nyongesa kilichora kitu juu ya kitambaa cha meza, mistari miwili, mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Nakumbuka ukurasa," alisema. "Nilikata kwa kalamu nyekundu."

"Ulikuwa sahihi."

"Nilikata kwa sababu nilikuamini." Akaacha kuchora. "Hata nikashangaa, maana ilikuwa inanifurahisha sana, hiyo ya jozi. Nikajiambia, kumbe kitu kinaweza kukufurahisha hivyo na kiwe si kweli."

Adero alimwomba msamaha. Alikuwa amejiandalia maneno ndani ya basi, barabara nzima ya Tirinyi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. Kisha alimwambia kwamba bado kuna swali lililo wazi, safari hii wazi kweli, amelitafuta mwenyewe. Inaaminika kwamba baada ya namba moja kubwa sana, ya maelfu ya mabilioni, marundo manne tu yanatosha kwa kila namba. Hakuna aliyethibitisha. Wangeweza kuanza pamoja.

Nyongesa alisikiliza hadi mwisho. Kwa nukta moja Adero aliona macho yake yakiondoka pale mezani na kwenda mahali, kama zamani. Yakarudi.

"Nimekusamehe, Mwalimu. Nilikusamehe kwenye basi siku ile ile, kabla hatujafika Iganga. Lakini hamu imeisha. Nimeitafuta, haipo. Nikishika kalamu naona tu miaka." Akakisogeza kile kitabu kidogo, bila kukifungua. "Hiki kitamfaa Sheryl. Nitampa akija likizo. Umefanya kazi, naona ni kizito."

Walikunywa chai. Brigid alileta mihogo, wakazungumza habari za baba yake Adero, ambaye sasa alikuwa hawezi kutembea bila mkongojo. Ilipofika saa kumi Nyongesa alimsindikiza hadi barabarani, polepole kwa sababu ya mgongo. Njiani alieleza kwamba mvua imechelewa Bungoma na nduguye amepanda mahindi mara mbili. Aliuliza kama daraja jipya la Jinja bado linapendeza usiku. Alisimamisha bodaboda, akamwambia dereva aende taratibu, barabara ya stendi imechimbwa. Alimsaidia Adero na mkoba wake, akamtakia safari njema, akasimama pale hadi pikipiki ilipoondoka.

Mwezi wa Desemba Sheryl alimpigia. Alikuwa na swali kuhusu ukurasa wa thelathini na moja. Adero alilijibu, wakazungumza karibu saa nzima, na msichana aliuliza vizuri, haraka kuliko baba yake, bila kucheka alipokamatwa. Mwisho wa mazungumzo Adero aliuliza kama Baba Sheryl amekisoma.

"Aliniambia nimsomee mwanzo," Sheryl alisema. "Tulipofika kwenye jozi akasema inatosha, akatoka nje."

"Akasema kitu?"

"Hapana, Mwalimu. Alikaa tu pale nje mpaka chakula."